Mashine ya Usumba: Namna ya Kupima Ukubwa Kabla ya Kununua

Ukifika soko la Kongowea alfajiri utazikuta nazi zimeshafuliwa, zimerundikwa zikingoja wanunuzi. Makumbi yake, yale maganda ya nje yenye nyuzi, huyaoni. Yamebaki Kaloleni, Rabai, Msambweni, pale pale kilipo kifuo, kile kijiti cha ncha kali cha kufulia nazi, mengine yameanza kuoza na mengine yatawashiwa moto kabla ya jioni. Anayetaka kufungua Mombasa kiwanda cha usumba, yaani nyuzi za makumbi hayo, lazima aanze na picha hiyo kichwani, kwa sababu ukubwa wa mashine yake utaamuliwa na makumbi yaliyotawanyika huko mashambani kabla ya kuamuliwa na mnunuzi, benki au katalogi.

Nasema hivi kwa uchungu. Kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi kilileta mtambo mkubwa kutoka ng'ambo. Ulikuwa mzuri, chuma kizito, na mwenye kiwanda aliufurahia. Siku nyingi ulizunguka saa mbili tu, makumbi yakaisha, sote tukaketi. Mkopo wenyewe haukuketi. Mashine haikuwa na kasoro yoyote, kilichokosekana ni vipimo, na ndivyo ninavyotaka kukupitisha hapa hatua kwa hatua. Nitazungumzia zaidi usumba wa nazi, kwa kuwa ndio ulio karibu nasi, lakini mkonge nitaugusa pale unapotofautiana.

Hatua ya 1: Hesabu makumbi, na uhesabu ya mwezi mbaya

Chukua daftari, zunguka. Usiulize "kuna minazi mingapi?" kwani minazi haiingii mashinoni. Uliza nazi ngapi zinafuliwa mahali pamoja, kila wiki, na nani anazifua. Mkulima mwenye minazi 20 anaangua leo, kisha anakaa miezi kadhaa. Kumbi lake moja moja halikufai. Wanaokufaa ni wachuuzi wakubwa wanaofua nazi kwa mamia kabla ya kupakia lori, wakausha mbata, na wakamua mafuta. Hao wana lundo, na lundo ndilo linalostahili safari ya lori.

Rudi kwa watu hao hao zaidi ya mara moja, msimu wa nazi nyingi na msimu wa uhaba. Andika idadi mbili: wastani wa mwaka, na mwezi mbaya kuliko yote. Toa pia makumbi ya madafu uyaandike pembeni. Kumbi la dafu ni zito kwa maji, nyuzi zake ni laini zaidi, na mashine iliyorekebishwa kwa kumbi kavu italitafuna vibaya.

Halafu geuza idadi kuwa kilo. Makumbi 1,000 ya nazi zilizokomaa, yakichambuliwa kwa mashine, hutoa takribani kilo 80 hadi 100 za usumba mkavu. Vumbi la kumbi, ile kokopiti wanayoitaka wakulima wa maua na mboga, hutoka kwa uzito unaokaribia mara mbili ya usumba. Kwa hiyo, tuseme daftari lako linaonyesha wastani wa makumbi 4,000 kwa siku ya kazi, na 2,500 katika mwezi mbaya. Usumba wako ni kilo 320 hadi 400 kwa siku ya kawaida, na kilo 200 hadi 250 mambo yakibana. Namba hizo ndizo utakazoingia nazo dukani.

Hatua ya 2: Pima safari ya lori

Kumbi ni jepesi na limejaa hewa. Lori la tani 10 linafurika makumbi hata nusu ya uzito wake halijafika, na wewe unalipia safari nzima. Lori la kutoka Kwale siku hizi linapita Dongo Kundu bila kungoja feri ya Likoni, na hilo limepunguza usumbufu, lakini hewa ni hewa, utaisafirisha kwa bei ya dizeli.

Ndiyo maana mara nyingi nawashauri watu wafikirie kugawa mtambo mara mbili. Kiponda makumbi na kichambuzi, mashine inayotenganisha nyuzi na vumbi, viwe karibu na minazi, tuseme Mariakani au Kaloleni. Usafishaji wa mwisho na mashine ya kufunga marobota viwe Mombasa, karibu na bandari na wanunuzi. Ukifanya hivyo, lori linaleta usumba, na theluthi mbili ya uzito, yaani vumbi, linabaki huko au linaletwa kwa hiari yako. Gharama yake ni kusimamia mahali pawili. Kama huna mtu wa kumwamini kule shambani, acha, weka vyote pamoja.

Hatua ya 3: Jua kama malighafi yako inangoja au haingoji

Watu wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo inayobeba nyingine zote.

Kumbi la nazi linangoja. Ukiliweka pakavu, chini ya paa, mbali na moto, litakaa wiki na miezi. Bibi zetu walilifukia kwenye tope la pwani kwa miezi, kisha wakalipiga kwa magongo na kusokota kamba, na mitepe, mashua za kale za pwani, ilishonwa kwa kamba hizo hizo. Kwa sababu linangoja, mashine ya usumba inapimwa kwa *wastani*: siku za neema unalimbikiza, siku za uhaba unakula akiba.

Jani la mkonge haliwezi kungoja. Likikatwa linaanza kukauka, utomvu unashika nyuzi, na ndani ya siku mbili hivi usafi wa katani, yaani nyuzi za mkonge, umeshuka. Tena katani ni asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito wa jani bichi, kilichobaki ni maji na makapi. Hivyo tani 100 za majani zinakupa tani 3 hadi 5 za katani. Ndiyo sababu mashamba makubwa ya mkonge, kama ya Vipingo na Mwatate, yana mitambo yao ya korona, vichambuzi vikubwa vya mkonge, ndani ya shamba. Mashine ya mkonge inapimwa kwa siku ya *kilele* cha uvunaji, na shamba linakatwa kwa kufuata uwezo wa mashine. Mkulima mdogo wa mkonge asitazame korona kabisa. Kichambuzi kidogo cha kulishwa kwa mkono, kinachoendeshwa na injini ya dizeli na kuhamishwa shamba hadi shamba, ndicho cha saizi yake.

Anayechanganya kanuni hizi mbili hununua mashine ya usumba kwa kipimo cha kilele, na hapo ndipo pesa zinapolala.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha uwezo kwa jicho la mwenye deni

Muuzaji atakwambia "tani moja kwa saa". Tani ya nini? Muulize bila haya: ni makumbi yanayoingia, au usumba unaotoka? Mbichi au mkavu? Makumbi yaliyolowekwa au makavu?

Maji peke yake yanaweza kukupoteza. Kilo 100 za usumba zilizotoka mashinoni zikiwa na unyevu wa asilimia 50 zina kilo 50 tu za nyuzi zenyewe. Ukizikausha hadi unyevu wa asilimia 15, unabaki na kilo 59 hivi. Mashine ile ile, saa ile ile, mmoja anaandika 100 na mwingine 59, na wote wawili wana ushahidi.

Kisha punguza. Kibandiko kinahesabu mashine inayolishwa bila kukosa, makali mapya, makumbi ya saizi moja. Kiwandani kuna jiwe lililojificha ndani ya kumbi, kuna mkanda ulioteleza, kuna kibarua aliyekwenda kunywa maji kwa sababu ya joto. Mimi nachukua asilimia 70 ya kibandiko, na katika zamu ya saa 8 nahesabu saa 5 na nusu za kuchambua hasa. Mashine ya makumbi 1,000 kwa saa inakuwa hivi:

1,000 × 0.7 × 5.5 = makumbi 3,850 kwa zamu

Linganisha na daftari letu la makumbi 4,000. Inakaribia kutosha, na siku ambazo lundo limekua unaongeza saa moja jioni. Katika mwezi mbaya, makumbi 2,500 yanaisha kwa saa tatu na nusu hivi. Muuzaji atakushawishi uchukue ya 3,000 kwa saa "kwa ajili ya kesho". Kwa makumbi hayo ya mwezi mbaya, ile kubwa ingefanya kazi saa moja na dakika kumi, kisha inyamaze hadi kesho yake.

Usiridhike na karatasi. Peleka makumbi yako mwenyewe, 1,000 kamili, kwenye mashine ya aina hiyo inayofanya kazi. Pima saa, pima umeme uliotumika, kausha usumba, pima uzito, kisha chukua konzi moja uitandaze mezani uone urefu wa nyuzi. Mashine inayokwenda kasi lakini inakatakata nyuzi inakupa tani za kitu cha bei ya chini. Mtengeneza brashi anataka nyuzi ndefu na ngumu, wa magodoro anaweza kukubali fupi zaidi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mimi ningeondoka.

Hatua ya 5: Tafuta shingo ya chupa, na kwetu mara nyingi ni uwanja wa kuanika

Mtambo wa usumba ni mnyororo: birika la kulowekea, kiponda, kichambuzi, chekeche la kuzunguka, uwanja wa kuanika, mashine ya marobota. Watu hutumia pesa zote kwenye kichambuzi, kisha usumba mbichi unarundikana nyuma yake, unapata joto, unabadilika rangi na kunuka.

Hesabu ya uwanja ni rahisi. Kupata kilo 400 za usumba wenye unyevu wa asilimia 15, lazima uanike kilo 680 hivi za ule wenye asilimia 50. Jaribu mwenyewe kwenye sakafu yako uone unatandaza kilo ngapi kwa mita mraba bila kuziba hewa. Tuseme umepata kilo 2. Unahitaji mita mraba 340 kwa kazi ya siku moja. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, unaanika asubuhi na kukusanya jioni. Masika, kati ya Machi na Mei au Juni, mvua inakufukuza uwanjani, na hata isiponyesha hewa yetu ya pwani imeshiba maji. Ikichukua siku tatu kukauka, uwanja lazima uwe mita mraba 1,020, ama uzalishaji ushuke hadi theluthi. Kiwanja cha Changamwe au Shimanzi chenye nafasi hiyo bila paa la mtu ni ghali. Basi chagua: kiwanja kikubwa Jomvu au Mariakani, paa la kuangaza lenye pande wazi, au mashine ya kukaushia inayochoma makapi na vifuu. Uamuzi huo ufanye kabla ya kununua kichambuzi, kwa sababu kichambuzi kikubwa kuliko uwanja ni mapambo.

Chekeche nalo lisisahaulike. Liwe na uwezo wa kupita kichambuzi kwa robo hivi, kwani ndilo linaloziba kwanza makumbi yakiwa mabichi.

Mashine ya marobota inategemea unakouzia. Kontena refu la futi 40 lenye kimo cha juu lina ujazo wa mita za ujazo 76 hivi. Marobota yaliyobanwa kidogo, kilo 100 kwa mita ya ujazo, yanaweka tani 7.6 ndani yake. Yaliyobanwa hadi kilo 250 yanaweka tani 19, na kiuhalisia pungufu kidogo kwa sababu ya mianya. Nauli ya meli ni ya kontena, iwe limejaa nyuzi au hewa. Anayesafirisha kupitia Kilindini asibane matumizi hapa. Anayewauzia mafundi wa magodoro wa hapa hapa mjini anaweza kuanza na kishinikizo cha mkono, pesa iliyobaki aiweke kwenye uwanja.

Hatua ya 6: Umeme

Kusanya nguvu za mota zote. Mfano wa kiwanda chetu: kiponda kilowati 11, kichambuzi 22, chekeche 3, marobota 7.5, mkanda wa kubebea 2, pampu 1.5. Jumla kilowati 47. Hesabu upotevu wa mota na kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi hasa, unafika kVA 61 hivi, kipimo kinachotumiwa kwa transfoma. Transfoma ya kVA 50 haitoshi vyote vikienda pamoja, na saizi inayofuata kwa kawaida ni 100. Waulize Kenya Power mapema kuhusu transfoma iliyo karibu nawe na ina mzigo gani tayari, maana jibu hilo linaweza kubadilisha kiwanja.

Angalia pia kuwasha. Mota ya kilowati 22 kwenye fezi tatu za volti 415 inavuta ampea 40 hivi ikiwa kazini. Ukiiwasha moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita, ampea 240 kwa sekunde chache, na taa za jirani zitapepesa. Starta ya sta-delta, inayowasha mota kwa hatua mbili, inaishusha hadi theluthi, kama ampea 80, mradi uiwashe ikiwa tupu, ngoma ikizunguka bila kumbi ndani. Jenereta yako ipimwe kwa namba hiyo ya kuwasha, pamoja na mashine zilizo tayari kazini.

Na hapa kuna adhabu nyingine ya kununua mota kubwa mno: ikienda bila mzigo wa kutosha kipengele cha nguvu kinaanguka, na kiwanda kinacholipia umeme kwa daraja la viwanda hutozwa faini kikishuka chini ya 0.9. Unalipa kila mwezi kwa ukubwa usioutumia.

Hatua ya 7: Maji

Mombasa ina kiu. Maji yetu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na mifereji hukauka siku nyingi. Makumbi lazima yaloweke ili nyuzi zisikatike, hivyo pima birika kwa siku unazoloweka: kama ni siku tatu, birika libebe kazi ya siku tatu. Usikisie. Jaza sanduku la mita moja ya ujazo, hesabu makumbi yaliyoingia, kisha zidisha.

Kishawishi cha kutumia maji ya bahari au kisima cha chumvi ni kikubwa. Kwa kamba hayana neno. Lakini chumvi inaingia kwenye vumbi, na mkulima wa maua atalipima na kulikataa mpaka ulioshe kwa maji baridi mengi kuliko uliyookoa. Chumvi hiyo hiyo itakula beringi na ngoma. Paa la kiwanda ni kubwa. Weka michirizi na matangi, vuna masika na vuli.

Hatua ya 8: Moja kubwa au mbili ndogo?

Kwa kichambuzi cha usumba, ushauri wangu ni mbili za nusu. Moja ikiharibika, kiwanda hakisimami. Mwezi mbaya unaendesha moja, mota ikiwa na mzigo wake kamili. Vipuri vinalingana, na fundi anaifahamu moja akiifahamu nyingine. Hasara ni vibarua zaidi na nafasi zaidi. Kama una mkataba wa uhakika wa makumbi mwaka mzima kutoka kwa mkamuaji mkubwa wa mafuta, basi moja kubwa itakupa kilo ya usumba kwa gharama ndogo. Mashine ya marobota iwe moja tu, inunue nzuri.

Vyovyote utakavyochagua, chukua orodha ya beringi, mikanda na bolti, uizungushe kwenye maduka ya vipuri mjini kabla ya kulipa. Kile kisichopatikana Mombasa au Nairobi, agiza viwili pamoja na mashine.

Hatua ya 9: Karatasi na mkataba

Tathmini ya athari kwa mazingira iende NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kumwaga zege, kwani maji ya kulowekea yana rangi na harufu, na hayaruhusiwi kuachiwa mtoni au baharini hivi hivi. Mahali pa kazi pasajiliwe chini ya sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Kelele ikipita desibeli 90 kwa zamu ya saa 8 umevunja kanuni, na vichambuzi vinanguruma, kwa hiyo muulize muuzaji kiwango chake. Mashine ya kutoka nje ikaguliwe huko huko inakotoka kwa utaratibu wa KEBS, shirika la viwango, usije ukalipia uhifadhi bandarini ukisubiri cheti.

Katika mkataba usikubali neno "uwezo" likiwa peke yake. Andika: kilo kadhaa za usumba kwa saa, wenye unyevu wa asilimia 15, kutoka makumbi yaliyolowekwa siku kadhaa, kwa umeme usiozidi kiasi fulani, kwa siku tano mfululizo katika kiwanda chako. Bakiza sehemu ya malipo mpaka siku hizo tano zipite. Katika kile kiwanda changu cha kwanza malipo yote yalikwisha kabla ya meli kutia nanga, na tulipopiga simu kuhusu chekeche lililoziba hakuna aliyeona haraka ya kutujibu.

Hatua ya 10: Msingi

Mwaga msingi wa mashine mbili hata ukinunua moja. Zege la ziada ni rahisi leo kuliko kuvunja sakafu baadaye. Pitisha bomba tupu la waya hadi msingi wa pili, acha nafasi ya swichi kwenye kabati la umeme, na uache upana wa mkokoteni kupita katikati. Kisha endesha ile moja mwaka mzima, daftari likiwa mlangoni: makumbi yaliyoingia, kilo zilizotoka, saa zilizopotea na sababu yake. Lundo la makumbi likikaa bila kupungua kuanzia vuli hadi masika, na mashine inakwenda zamu nzima kila siku, agiza ya pili.